Picha za bidhaa zimepoa kwenye katalogi? Nunua kwa mpangilio huu

Nimepanga kurasa za katalogi za vikapu, viatu vya ngozi na vyungu, na swali la wateja ni lile lile: picha zimepoa, bidhaa inaonekana bapa, ninunue nini? Wengi hukimbilia kamera. Kamera iache kwanza. Kwa picha ndogo za katalogi, simu nzuri inatosha. Kinachokosekana ni kivuli.

1. Taa moja na ubao mweupe. Tafuta taa ya LED yenye CRI (kipimo cha taa kuonyesha rangi kwa uhalisi) ya 95 au zaidi, rangi zisipotoke, kisha mbele yake ning'iniza kitambaa cheupe chepesi. Iweke ubavuni mwa bidhaa, juu kidogo. Upande wa pili simamisha ubao, yaani kipande cha stairofomu, urudishe mwanga kiasi. Jaribu na kikapu cha ukindu. Taa ikiwa mbele, utapata duara la kahawia tu. Ihamishie kushoto uone: mishono ya ukili inanyanyuka, kila msuko una kivuli chake, mkono unatamani kugusa. Kwangu hakuna pesa inayolipa kuliko hii.

2. Karatasi. Bondi, karatasi ya kawaida ya ofisini, ya gramu 80 kwa mita ya mraba hunywa wino. Nukta za wino hutanuka na vivuli hujaa. Niliwahi kuchapishia vyungu kwenye bondi, sehemu zote za chini zikatoka kama masizi. Atipepa, karatasi laini iliyopakwa, ya gramu 130 au 150 huacha wino ukae juu, weusi ukakolea na weupe ukabaki mweupe. Bei ikikushinda, punguza kurasa, usishushe karatasi. Na udai prufu, yaani nakala ya majaribio, iliyochapwa kwenye karatasi hiyo hiyo.

3. Programu. GIMP, ya kuhariri picha, ni ya bure na inatosha kukoleza giza na mwanga. Photoshop ni ya kulipia, lakini inakuruhusu kufanya kazi moja kwa moja katika rangi nne za mashine ya kuchapa (CMYK). Ukibandika kivuli, kielekee kule kule kinakoelekea kivuli cha picha yenyewe, la sivyo bidhaa itaelea.

4. Kisanduku cheupe chenye taa. Kinanunuliwa sana, nami nakiweka mwisho. Mwanga unatoka kila upande, kivuli kinakufa. Kinafaa pete, saa na vitu vinavyometameta. Kama unacho tayari, zima taa za upande mmoja na uweke kadi nyeusi hapo.