Kiungo kitupu au kiungo chenye maneno yako?

Ukikutana na makala nzuri mtandaoni, una njia mbili za kuwagawia wengine: kurusha kiungo peke yake, au kukisindikiza na aya moja ya mawazo yako.

Kiungo kitupu ni chepesi. Unanakili, unabandika, umemaliza. Kwa tangazo la dharura au ramani, kinatosha kabisa. Ila kwa mengine kinamwachia msomaji kazi yote: afungue kwa nini, na aangalie wapi? Isitoshe, viungo hufa. Mwaka 2024, Pew Research Center, taasisi ya utafiti ya Marekani, iliripoti kuwa asilimia 38 ya kurasa zilizokuwepo mwaka 2013 zilikuwa hazipatikani tena miaka 10 baadaye. Ukurasa ukitoweka, kiungo kitupu hakibakizi kitu.

Njia ya pili inadai muda, maana huwezi kuandika la maana bila kusoma hadi mwisho. Hapo ndipo ninapoipendea. Taja nani kasema, kipi kimekugusa na wapi hukubaliani naye. Kwa mfano: "Nyuki wanaweza kufundishwa kutofautisha picha za nyuso za watu. Jaribio lenyewe limeelezwa katikati ya makala, anzia hapo. Mimi bado najiuliza kama wanaona uso au wanaona mpangilio wa madoa tu." Maneno hayo yanamfaa hata asiyefungua kiungo, na yanamfungulia mlango wa kukujibu.

Ukishaandika, hifadhi pia nakala ya ukurasa kwenye Wayback Machine, hazina ya mtandaoni ya nakala za kurasa za wavuti, iliyofunguliwa kwa umma mwaka 2001.