DJ kaniharibia WALL-E, au kaniokoa, hata sielewi

Jamani hasira bado ninazo. Juzi kati nilienda laibrari ya muvi hapa mtaani, zile za kuwekewa kwenye flashi, nikamwambia kijana nataka WALL-E nikawaonyeshe watoto wa sande skuli, ye akaniwekea iliyotafsiriwa na DJ bila hata kuuliza. Sasa walioiona hiyo katuni ya 2008 wanajua, mwanzo wote mrefu hakuna mtu anayeongea, ni kiroboti peke yake na mende wake kinashindilia takataka kwenye dunia iliyokufa, na utamu uko kwenye huo ukimya. Nilishawaandaa kabisa na Mwanzo, nchi ilikuwa ukiwa tena utupu, mara naskia "Oyaaa, mwanangu kaamka anawahi kibaruani!" Watoto mbavu hawana.

Ikawa hivyo mpaka akatokea Eve, kiroboti cha kike. Mi somo langu lilikuwa Eve ndo Hawa, ila humu mambo yamegeuzwa, hapa dume ndo linampa jike mche, tena umepandwa kwenye kiatu kikuukuu, naye anaufungia tumboni anazima kimya (hapo mi nilimuona hadi Mariamu, labda nimezidisha). DJ yeye anasema "mtoto mkali huyo, mzee baba kafa kaoza". Nilitamani kuchomoa flashi niitupe dirishani.

Halafu Eve akarudi na mche kwenye lile lichombo la angani ambalo watu wameishi miaka 700, wamenenepa hadi kusimama shida, wanaelea kwenye viti, na DJ yuleyule akapiga kelele: "Njiwa wa Nuhu huyooo, karudi na jani!"

Ukumbi kimya. Mi mwenyewe kimya, maana hilo sikuwa nalo. Nilikomaa na Hawa tu, safina yote ikanipita hivihivi. Kuna katoto hapo mbele kakauliza, "Mwalimu, sasa kunguru yuko wapi?" maana Nuhu alianza kumtoa kunguru kabla ya njiwa. Nikasema tutaangalia wiki ijayo. Niangalie wapi sasa.

Hata hivyo kesho yake nilirudi laibrari kugomba, maana ile sehemu kiroboti kinapondwa kikizuia mtambo usijifunge, kisha kinaamka hakimkumbuki mtu mpaka Eve anakishika mkono, DJ kaongea juu yake yote, na pale ndo nilitaka kuongelea kufa na kufufuka. Kijana hata hakunyanyua macho kwenye simu. "Anti, muvi yenyewe haina maneno, DJ nae akinyamaza we ungelipia nini?" Nyodo hizo! Nimelipa hela yangu halali.

Akaniwekea orijino, bure, lakini kwa kunirushia flashi kama anamlisha kuku. Kwa hiyo huduma nyota moja. Muvi yenyewe tano, ingawa kina Nuhu wa humo waliopandishwa chomboni walipandishwa na kampuni, Mungu hatajwi, mzee wa kanisa alishaniuliza kuhusu hilo na sikuwa na jibu zuri. DJ nilipanga sifuri.

Ila Jumapili iliyofuata tukaweka orijino, ukimya wote kama nilivyotaka, watoto wakaanza kusinzia, mmoja akaomba kwenda chooni hakurudi. Eve alipotoa mche tu, karibu darasa zima likapayuka, "Njiwa wa Nuhu huyooo!"

Basi mpeni tatu.