Mjomba na kitabu cha watoto: uzoefu wangu na The Hunger Games

Mimi ni msomaji wa gazeti la michezo, tena naanzia ukurasa wa mwisho. Kitabu kizima mara ya mwisho kukimaliza nilikuwa sekondari, na nilikimaliza kwa kuogopa mtihani. Ndiyo maana mpwa wangu aliponikuta dukani nimeinamia The Hunger Games yake, alicheka mpaka mteja akageuka. "Mjomba, hicho si cha watoto?" Sawa, cha watoto. Ila saa sita usiku nilikuwa bado nacho, na watoto wenyewe walishalala zamani.

Kwa ambaye hajakutana nacho: mwandishi ni Suzanne Collins, Mmarekani, na kilitoka 2008. Marekani tunayoijua haipo tena. Pale ilipokuwa pana nchi inaitwa Panem, yenye mji mkuu unaoshiba na wilaya 12 zinazoushibisha. Kila mwaka kila wilaya inatoa mvulana mmoja na msichana mmoja, wa miaka 12 hadi 18, wakauane mbele ya kamera mpaka abaki mmoja. Katniss, miaka 16, anatoka Wilaya ya 12, kwa wachimba makaa ya mawe. Baba yake alifia mgodini.

Nilidhani nitashikwa na mapigano. Wapi! Nilishikwa na hesabu. Nauza vifaa vya ujenzi, na daftari la madeni ndilo kitabu ninachokijua. Mle ndani mambo yako hivi: mtoto akifika miaka 12 jina lake linaingia mara moja kwenye kura ya kuchagua wa kwenda kuuana, 13 mara mbili, na kuendelea. Mwenye njaa anaruhusiwa kuongeza karatasi. Kwa kila karatasi anapewa nafaka na mafuta ya mtu mmoja ya mwaka mzima, kiduchu hivyo hivyo. Na za mwaka jana hazifutwi, zinajumlishwa. Katniss anachukua kwa ajili yake, mama yake na mdogo wake Prim, basi ana karatasi 20. Rafiki yake Gale, miaka 18, kwao wako watano. Yeye ana 42.

Hapo nilisimama. Nikachukua kalamu, nikapiga hesabu nyuma ya kitabu cha risiti: moja ya lazima, tano za chakula, jumla sita kwa mwaka, mara miaka saba. Arobaini na mbili kamili! Mwandishi hakubahatisha. Nina wateja wanaochukua saruji juu ya deni la saruji, nikawaona wote mle. Halafu Prim, ambaye dada yake kamkataza kuchukua hata karatasi moja ya ziada, jina lake limo mara moja tu. Ndilo linalotoka. (Sijaharibu utamu, ni sura ya kwanza hiyo.)

Kingine ni mkate. Zamani, Katniss akiwa na njaa kwenye mvua nyuma ya duka la mikate, mtoto wa mwoka mikate aliunguza mikate miwili akapigwa na mama yake, kisha akamrushia. Katniss anaificha chini ya nguo ikiwa ya moto bado. Nimeona watu wakisifu mishale yake. Mimi mikate ile ndiyo nimebaki nayo.

Kiingereza chake hakikutishi. Sentensi fupi, mambo yanatokea sasa hivi, anasimulia Katniss mwenyewe. Ubaya wake ni sura zinavyokatika: kila ukisema naishia hapa, mtu anatokea nyuma ya mti.

Kitabu cha pili cha mfululizo huu nilikinunua kwa muuza vitabu vya mtumba barabarani, elfu saba baada ya kuvutana. Nimefika rais yuko kwenye televisheni, anachomoa bahasha yenye namba 75, yaani ya mashindano ya mwaka wa 75, nafungua ukurasa wa pili... hakuna. Kurasa zimenyofolewa! Nikampigia mpwa wangu usiku ule ule. Akacheka, akakataa kuniambia. Nilisubiri siku tatu aniletee cha kwake.

Cha tatu kimenichosha, vita vingi na Katniss amekuwa wa kukaa na kuambiwa. Nikajaribu pia Divergent ya Veronica Roth, kule Chicago ambako watu wamegawanywa makundi matano kwa tabia: wakweli, majasiri, wapenda amani, wasomi, wanaojinyima. Sikuamini. Mama yangu mzazi kabla ya chai ya saa nne keshapita makundi yote matano. Nikakirudisha nusu.

Kuna kingine cha Collins cha 2020, cha Rais Snow, yule yule wa bahasha, alipokuwa kijana. Nimeshakiona pale pale kwa yule muuza vitabu, anataka elfu kumi. Safari hii nahesabu kurasa kwanza, ndiyo tuongee bei.