Kadi mpya ya grafiksi: kwenye gemu freshi kabisa, ila kompyuta ikawa inawaka kama imelazimishwa

Naanza na nyota ili mwenye haraka asisumbuke na hadithi yote: nyota 4 kati ya 5. Jina la kampuni sitaji maana huko chini nitawalalamikia kidogo, na hata hivyo mwenye kadi ya kampuni nyingine anaweza kukutana na haya haya. Nyota iliyokatika haihusu kadi yenyewe, inahusu karatasi ya maelezo waliyotupia kwenye boksi, ukurasa mmoja wenye picha nne basi, na ile programu yao ya taa ambayo nitaifikia.

Kwenye gemu sina neno. Ile ya zamani ilikuwa imechoka, feni zake zikianza kuvuma mtu wa chumba cha pili anajua nimefungua gemu, hii mpya ukiwa unasoma tu au unaangalia video feni hazizunguki kabisa mpaka ipate moto. Ila ni ndefu jamani, ndefu ile mbaya, pimeni kesi kabla hamjatoa hela. Mi nilipima kesi, ikaingia, nikafurahi, kumbe kuna kitu pembeni sikukiangalia na ndicho kilichonitoa jasho.

Iko hivi. Kabla ya kadi, kompyuta yangu ilikuwa inawaka kwa sekunde ishirini na kitu hivi. Nimefunga kadi, nimechomeka plagi za umeme zote, nabonyeza batani, skrini nyeusi. Nikasubiri. Nikasubiri tena. Nembo ikatokea, kale kaduara kakazunguka weee, mpaka nafika kwenye desktopu saa ya simu inasoma dakika 1 na sekunde 50. Nikasema labda ni mara ya kwanza tu, Windows inajipanga na kifaa kipya, na ni kweli mara ya kwanza huwa inachelewa kwa hiyo usiipime hiyo. Mara ya tatu, ya nne, vile vile.

Sasa kuku mgeni hakosi kamba mguuni, nikailaumu kadi hapo hapo, boksi nikaliweka karibu na mlango niirudishe kesho yake. Halafu nikajipa jioni moja ya kujaribu na hiyo jioni niliipoteza yote kwa ujinga: nafuta draiva (ile programu inayoifanya Windows ielewane na kadi), naweka draiva, naristati, nafuta tena, naweka ya toleo la nyuma, naristati. Nilikuwa natwanga maji kwenye kinu, kwa sababu draiva haifanyi chochote mpaka Windows yenyewe ianze kupakia, na mimi zaidi ya nusu ya muda wangu ulikuwa unaisha kabla Windows haijaguswa. Ungekuwepo mtu wa kuniambia hilo moja tu ningelala mapema.

Kilichonifumbua macho ni namba moja ndogo ambayo nimeishi nayo miaka yote bila kuiona. Fungua Task Manager, nenda kwenye sehemu ya programu zinazojiwasha, angalia juu pembeni imeandikwa "Last BIOS time". Huo ni muda ambao madabodi, ile bodi kuu ambayo vifaa vyote vimechomekwa, imetumia kukagua vifaa kabla haijaikabidhi Windows kazi. Yangu ilisoma sekunde 58.3. Yaani karibu dakika nzima madabodi inahangaika peke yake huku mimi naadhibu draiva! Kama kwako hiyo namba ni ndogo, mathalani sekunde 10, basi mchawi wako yuko upande wa Windows, usihangaike na BIOS, yaani ile programu ya madabodi inayoanza kabla ya Windows. Kama haionekani kabisa, kuna uwezekano mkubwa Windows yako inawaka kwa mtindo wa zamani, nitalisema.

Basi nikaingia BIOS. Kitu cha kwanza nikakuta CSM imewashwa. Hii CSM ni ile hali ya kuifanya UEFI, ambayo ni BIOS ya kisasa, ijifanye BIOS ya kizamani ili vifaa vya zamani vikubali, na nikakumbuka niliiwasha mwenyewe miaka ile kwa sababu kadi ya zamani bila hiyo ilikuwa haitoi picha kabla ya Windows. Kadi mpya haina shida hiyo, kwa hiyo CSM imebaki pale inakula muda bure. Nikaizima. 58 ikashuka 41. Na faida nyingine, Resizable BAR (inaiwezesha prosesa kufikia kumbukumbu yote ya kadi kwa mkupuo) ambayo ilikuwa haikubali kuwashwa ikakubali, maana inataka CSM iwe imezimwa.

LAKINI usiende kuzima tu kichwa kichwa. Bonyeza Windows na R, andika msinfo32, soma pale kwenye "BIOS Mode". Ikisema UEFI, zima kwa amani. Ikisema Legacy, Windows yako imekaa kwenye diski iliyogawanywa kwa mtindo wa zamani uitwao MBR na ukizima CSM haitawaka, hutapoteza kitu, ukiirudisha itawaka kama kawaida, ila moyo utakuwa umeshakuruka. Kuna zana ya Microsoft inaitwa MBR2GPT, imo humo humo ndani ya Windows 10 tangu 2017, inageuza diski iwe ya mtindo mpya wa GPT bila kufuta vitu, ila bekapu fanya kwanza hata kama unajiamini. Na kama diski umeifunga kwa BitLocker, ile funguo ya kurejesha iandike mahali kabla hujagusa chochote kwenye BIOS maana inaweza kukuuliza ukiwasha, na hapo hamna kubembelezana.

Sekunde 41 bado ni nyingi lakini. Nikaangalia vile vitaa vidogo kwenye madabodi, cha VGA kinawaka kidogo kinazima, freshi, kadi imekubalika, halafu kinawaka cha BOOT na hapo ndo kinaganda. Kwa hiyo kadi imepita salama, kinachosubiriwa ni diski! Mi nina SSD yenye Windows na diski kubwa ya kuzunguka ya kuwekea mafaili. Nikazima, nikachomoa umeme, nikamulika tochi. Kumbe bwana ule mkia wa kadi umeenda kulala juu ya tundu za SATA, zile za kuchomekea kebo za diski, na kebo ya ile diski kubwa imesukumwa imetoka nusu. Nusu tu, yaani inashika inaachia. Madabodi inaiita diski, diski inaitika vibaya, inaitwa tena. Na kweli zile siku mbili kuna folda zilikuwa zinagoma kufunguka nikadhani ni Windows.

Nikaihamishia kebo tundu lingine la chini, nikaweka kebo yenye kichwa kilichopinda ili kadi ipite juu yake. Washa. Last BIOS time: 10.9.

Nilicheka peke yangu saa saba usiku.

Hapa ndo naikasirikia ile karatasi yao. Unauza kadi ya urefu ule, unashindwaje kuweka sentensi moja ya angalia kebo za SATA baada ya kufunga? Picha nne zote zinaonyesha skrubu.

Upande wa Windows sasa, ulikuwa bado unavuta kidogo, na hapo ndo draiva zilikuwa na kesi kweli. Kadi ya zamani ilikuwa ya kampuni tofauti, mabaki yake yapo yote, na vijiprogramu vyake bado vinajiwasha vinatafuta kadi ambayo haipo. Nikatumia Display Driver Uninstaller, wengi wanaiita DDU, nikiwa kwenye sefu modi, ile Windows inapojiwasha na vitu vya lazima tu, intaneti nimekata ili Windows isije ikaniwekea draiva yake kabla sijaweka yangu. Nikafuta za pande zote mbili nikaweka moja mpya. Ile programu ya taa ya hawa mabwana nayo, imejiweka kwenye orodha ya kujiwasha bila kuniuliza, kazi yake kubadilisha rangi ya taa ambayo siioni kwa sababu kesi yangu haina kioo. Nikaing'oa. Hiyo peke yake ilirudisha sekunde kama sita.

Kitu kingine watu wanajichanganya, kuzima na kuristati siyo sawa. Fast Startup ikiwa imewashwa, ukizima Windows inahifadhi sehemu yake kwenye diski ili kesho iwahi, ukiristati inaanza upya kabisa. Kwa hiyo ukipima leo kwa kuzima kesho kwa kuristati utajidanganya. Na monita nayo, yangu kupitia DisplayPort inachelewa kuamka kama sekunde nne, kompyuta ishafika, skrini bado inapiga miayo. Hilo siyo la kuhesabu.

Jumla sasa hivi ni sekunde 23 tangu batani hadi natumia. Boksi nimelitoa mlangoni. Nyota ya tano siwapi, na ile kebo iliyopinda nimeitoa mfukoni mwangu mwenyewe.