Ramani Huria kwa kamati ya maafa ya mtaa: mitaro ndiyo thamani yake

Kamati ya mtaa ulio kando ya Mto Msimbazi ikitaka kifaa kimoja cha kujiandaa kabla ya masika, tunaipendekeza Ramani Huria, ramani ya wazi ya mitaa ya Dar es Salaam, na haiuzwi. Mradi huu ulianza Dar es Salaam mwaka 2015. Wanafunzi wa Chuo Kikuu Ardhi na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walishirikiana na wakazi wa kata kuchora nyumba, vichochoro na mitaro kwa kutumia simu na picha za ndege zisizo na rubani, na kazi yao ikaingia OpenStreetMap, ramani ya dunia ya mtandaoni inayochorwa na watu wa kujitolea. Data iko wazi: unaichukua, unaichapisha, unairekebisha bila kuomba kibali.

Thamani yake kubwa iko kwenye mitaro. Ramani ya kawaida ya mji inakuonyesha barabara na kuishia hapo. Hii, pale ilipojazwa vizuri, inakupa upana wa mtaro, kina chake, na kama umejengwa kwa zege au ni udongo mtupu. Chukua mtaro wa upana wa mita 1 unaofika barabarani na kuingia kwenye kalavati ya bomba la sentimita 60. Mvua kubwa ikija, maji yanagoma pale mdomoni, yanarudi nyuma na kuingia vyumbani mwa watu ambao hawako hata karibu na mto. Kwenye ramani kosa hilo linaonekana kwa kulinganisha namba mbili, na mwenyekiti wa mtaa akienda nazo kwa mhandisi wa manispaa anasikilizwa kuliko akienda na malalamiko matupu.

Udhaifu wake ni kwamba kipimo ni cha siku kilipochukuliwa. Mtaro wa kina cha sentimita 80 ukituama mchanga wa sentimita 30 umepoteza zaidi ya theluthi ya kina chake, na ramani haijui. Kwa hiyo mitaro ipimwe upya kila Februari na kila Septemba, kabla ya masika na vuli. Watu wawili wanatosha: mmoja na futi ya kupimia na mti mrefu uliotiwa alama kila sentimita 10, mwingine na simu na karatasi. Pimeni mahali upana unapobadilika, kwenye kila kona na kwenye kila kalavati, upande maji yanapoingia na upande yanapotokea. Mti ukigota, soma kina. Kisha sukuma hadi ufike sakafu ngumu, usome tena. Tofauti ya namba hizo ndiyo mchanga wa kuzoa. Msiingie mtaroni bila gambuti, maana vyoo vingi vinamwaga humo.

GPS ya simu inapotea sana kwenye vichochoro vyembamba. Ikionyesha kosa la zaidi ya mita 5, achana nayo. Tia alama kwa kalamu kwenye ramani iliyochapishwa, ukihesabu nyumba kutoka kona.

Mpaka wa mafuriko unahitaji subira zaidi. Ulizeni majirani watatu, kila mmoja peke yake, maji yalifika wapi mwilini: kifundoni, gotini au kiunoni. Halafu tazameni ukuta. Alama ya mafuriko imenyooka, na ina kimo kilekile kwenye nyumba zinazofuatana zilizo kwenye usawa mmoja wa ardhi. Unyevu unaopanda kutoka kwenye msingi huacha mawimbi na chumvi nyeupe, huo msiupime.

InaSAFE, programu inayokwenda na QGIS (programu huria ya ramani kwenye kompyuta), inapewa eneo la mafuriko na nyumba, kisha inahesabu zilizo ndani. Inafaa kwa kupanga idadi ya mahema na maji ya kunywa. Ila ukiipa mpaka tu bila kina, nyumba iliyoinuliwa msingi inahesabiwa sawa na ya bondeni, hivyo pitieni orodha hiyo pamoja na wajumbe wa mashina.

Jambo moja tunalisisitiza: majina ya wazee, wagonjwa na wenye ulemavu yasiingie kwenye ramani hii kabisa. Iko wazi kwa dunia nzima. Hao waandikwe kwenye daftari la mjumbe, pamoja na jina la jirani aliyekubali kumtoa kila mmoja wao.

Chapisheni ramani kwenye karatasi kubwa ya A1, shina kwa shina, mpige laminesheni. Pakueni pia kwenye OsmAnd, programu ya ramani ya simu ambayo hufanya kazi bila intaneti, kwa kuwa umeme ukikatika mtandao nao huyumba. Nakala moja ikae ofisi ya serikali ya mtaa. Ya pili ikae kwa mtu anayeishi mlimani, maana ofisi nazo huingia maji.