Lenzi ya elfu kumi na nane na jani moja la msitu wa Litipo

Niliinunua Januari mwaka jana hapa Mtwara mjini, kwenye kibanda cha kava na chaja za simu. Muuzaji alianzia elfu ishirini na tano. Nikamwambia, kaka, hiki ni kioo na kibanio tu, tukamalizana kwa elfu kumi na nane. Haina jina la maana; kisanduku kimeandikwa Kichina mwanzo mwisho. Ni lenzi ndogo kama kizibo cha soda, unaibana juu ya kamera ya simu, kitu kidogo kinakuwa kikubwa. Mimi nauza miche. Niliitaka kwa ajili ya wadudu, nipige picha nimtumie bwana shamba.

Februari nikaenda Rutamba, mkoa wa Lindi, kumsalimia mjomba. Msitu wa Litipo uko hapo jirani, karibu na ziwa Lutamba. Ni hifadhi, huingii kienyeji, kwa hiyo tuliomba ruhusa kwanza tukapewa kijana wa kutuongoza. Ndani, chini ya miti, nikaona jani. Moja tu, halina shina, halina mwenzake, limelala bapa juu ya udongo. Umbo la moyo, limepigwa marinda kama sketi ya shule. Miaka yote ninayoshika miche sijaona mmea wa jani moja.

Nikapiga picha ya kawaida, bila lenzi. Mle mtandao hakuna, jibu likaja jioni tukiwa uani kwa mjomba. Programu ya simu ya kutambua mimea, ambayo nilikuwa naikatia hela kila mwezi, ikajibu kwa kujiamini kabisa: Nervilia fordii. Nikasoma kwa sauti: ua la jamii ya okidi, la ardhini, la misitu ya kusini mwa China, wenyewe wanaiita qing tian kui, majani yake hukaushwa na kuchemshwa kuwa dawa ya kikohozi.

Mjomba kifua kinamsumbua tangu zamani. Akaweka kikombe chini. "Kwa hiyo kesho tukachume, mwanangu?"

"Hapana, mjomba. Tusubiri kwanza."

Nilikuwa nimeshaanza kuogopa. Mmea wa China unafanya nini Rutamba? Tena programu haikuniuliza hata niko nchi gani. Jenasi, yaani kundi la mimea ndugu, iliipata, hapo siidhulumu. Nervilia zipo Asia na zipo Afrika, na mojawapo, Nervilia simplex, inaota pande zote mbili za bahari. Tabu ni kwamba zina tabia ya ajabu: ua linatoka kwanza, peke yake, mvua zinapoanza. Likishanyauka ndipo jani linachomoza. Anayepita wakati wa ua haoni jani, anayepita wakati wa jani haoni ua, na huko India au Thailand wanahangaika nazo vilevile. Kuna okidi nyingine za chini ya misitu ya Asia, kama Anoectochilus, zenye jani jeusijeusi kama mahameli na mishipa inayong'aa kama uzi wa dhahabu. Hizo angalau zinakupa pa kuanzia kabla hazijachanua. Hii yangu ilinipa marinda tu.

Asubuhi tukarudi na lenzi. Sasa niseme ukweli wa matumizi, maana ndiyo kazi ya andiko hili. Kava ya simu lazima uivue, la sivyo kibanio hakishiki vizuri. Unasogea hadi kama upana wa vidole viwili kutoka kwenye jani, na ukifika hapo simu yenyewe inakukingia mwanga. Nilichana karatasi ya daftari nikaisimamisha pembeni irudishe mwanga, hapo ndipo picha ikakubali. Pumzi unabana. Katikati panaonekana safi sana, pembeni pana ukungu, kwa hiyo usitegemee picha ya jani zima. Nilipiga kama arobaini, zilizofaa sita.

Lakini hizo sita! Juu ya kila mshipa mkubwa kulikuwa na ukuta mwembamba umesimama, ukingo wake umekatikakatika kama meno ya msumeno. Kwa macho matupu nilikuwa nimeona mistari basi.

Nikazituma kwa mtaalamu wa mimea Dar. Swali lake la kwanza lilikuwa: jani limelala chini au limeinuliwa na kikonyo? Limelala. La pili: hayo meno yako upande wa juu? Juu. Akasema basi hiyo ni Nervilia kotschyi, ya hukuhuku Afrika, ila nimtafutie ua. Maswali mawili, na hakuna hata moja ambalo programu ilikuwa imeniuliza. Malipo yake niliyasitisha wiki ileile.

Ua nililipata Desemba, mara ya tatu kwenda. Kijana wetu alikuwa ameweka alama kwenye mti. Kijiti kimoja kimesimama, hakina jani, kina maua matatu yameinama, rangi ya kijani iliyopauka. Mdomo wa ua mweupemweupe una mishipa ya zambarau. Ungepita hatua mbili pembeni usingeliona. Kiazi kiko chini ya udongo, sikukigusa. Wateja wameshaniuliza kama nitaleta kuuza, nawajibu siuzi okidi za porini. Biashara yake kati ya nchi na nchi inabanwa na CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea ya porini, na hata bila mkataba, mmea wenye jani moja ukiukata hilo jani umeubakizia nini?

Nyota nne kati ya tano. Moja nimeikata kwa sababu ya raba ya kibanio, ilibanduka mwezi wa tano nikaigandisha kwa gundi ya viatu, na kwa sababu ya unyevu wa mvua uliojipenyeza ndani ya kioo. Baada ya hapo nikawa naihifadhi kwenye kopo lenye mchele mkavu.

Ninahitaji kununua nyingine, hata hivyo. Julai mjomba aliiazima kuangalia ubwiriunga, ule ugonjwa wa ukungu mweupe, kwenye maua ya mikorosho yake. Kwa ile safari ya Desemba alinipa kwa siku moja, jioni akaidai. Mara ya mwisho kumpigia simu aliniambia anaitafuta, na nyuma yake nikamsikia jirani akiuliza zamu yake lini.