Vyungu vya Wagiriki na Waetruski, Makumbusho ya Ashmolean, Oxford: anza na vigae

Wageni wengi wa makumbusho haya ya Chuo Kikuu cha Oxford hukimbilia mitungi mizima yenye picha za miungu. Anza na vigae, yaani vipande vya vyungu vilivyovunjika. Mtungi mzima huficha udongo wake, ila ukingo uliovunjika unaonyesha wazi jinsi mfinyanzi alivyofanya kazi.

Kigae cha Athens kina rangi ya chungwa ndani, na weusi ni ngozi nyembamba tu ya juu. Ngozi hiyo ni rojo la udongo wenye chuma, uliotuamishwa majini mpaka zikabaki chembe laini kabisa. Moto ulikuwa mmoja wenye hatua tatu. Kwanza hewa iliachwa iingie tanurini hadi kiasi cha nyuzi 800, chungu chote kikawa chekundu. Kisha matundu yakazibwa, kuni mbichi zikatiwa na joto likapanda kupita 900: kila kitu kikageuka cheusi, na rojo likayeyuka likajiziba kama kioo. Hewa iliporudishwa joto likishuka, udongo mtupu ukawa mwekundu tena. Palipopakwa rojo pakabaki peusi. Joto likipungua katika hatua ya pili, rojo halizibi, nalo hurudi kuwa jekundu. Vyungu vikibanana tanurini, moshi haufiki vinapogusana na baka jekundu hubaki. Mabaka hayo yatafute. Yanafundisha kuliko chungu kisicho na dosari.

Linganisha na bukero, ufinyanzi mweusi wa Waetruski (watu wa kale wa Italia), ulioanza karibu mwaka 675 KK huko Cerveteri, Italia. Hii ni nyeusi hadi ndani, kwa kuwa hewa haikurudishwa. Ile ya mwanzo ina kuta nyembamba mno, iliyofinyangwa kuiga vyombo vya madini. Ya baadaye ni nene na nzito. Nyembamba ndiyo bora, tena kwa mbali.

Sasa nenda kwenye picha. Mtungi wa fundi viatu, kazi ya Mchoraji wa Eucharides (jina alilopewa na wataalamu, maana lake halisi halijulikani), unaonyesha ngozi ikikatwa kufuata miguu ya mtoto aliyesimama mezani. Watu ni weusi, na mistari ya ndani ilichanjwa kwa ncha kali kabla ya kuchomwa. Bakuli la kuchanganyia divai la Mchoraji wa Komaris linaonyesha karakana yenyewe, mchoraji akiwa na brashi mkononi. Hapa watu ni wekundu. Kwenye kazi za aina hii inama utazame kwa ubavu: mara nyingi mistari mikuu imeinuka juu ya uso wa chungu.

Vigae vingi ni zawadi za John Beazley (1885–1970), profesa wa hapo hapo, aliyetambua mikono ya wachoraji wasiotia saini kwa kutazama jinsi walivyochora masikio, vifundo vya miguu na mikunjo ya nguo. Simama hapo muda mrefu.

Upungufu mkubwa ni ule wa kabati lolote la kioo: huoni chini ya kitako, mahali ambapo wafanyabiashara walikwaruza alama zao. Kwa hilo tumia hifadhidata ya Beazley kwenye intaneti, ni bure, ina kumbukumbu za vyungu zaidi ya 100,000.

Kiingilio cha kumbi za kudumu ni bure pia. Kwa kawaida milango hufunguliwa saa 4 asubuhi hadi saa 11 jioni, na ni mwendo wa kama dakika kumi kwa miguu kutoka stesheni ya treni. Ukifuata chungu mahususi, hakikisha kwanza kwenye tovuti yao kwamba kipo ukumbini, maana vyombo huhamishwa ghalani au huazimwa kwingine.